Mwanamke Asihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mke akikaa miaka miwili mitatu bila mtoto hupewa jina upesi: mgumba. Ukoo wa mume waanza kukumbushana ng'ombe waliotolewa mahari. Wengine huenda kupiga ramli, na ramli ikamtaja bibi kizee jirani, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Usukuma umekwisha kuwazika wanawake wazee waliouawa kwa maneno ya namna hiyo. Kwa hiyo imetupasa leo kuwaeleza wasomaji wetu jambo ambalo hukumu hizo hazilijui: homoni ni nini, na kupimwa kwa ukamilifu kwafaa nini.

Ndani ya mwili yapo matezi yatoayo vitu vidogo sana, viendavyo katika damu mfano wa matarishi, kupeleka amri toka kiungo kimoja hata kingine. Mwaka 1905 mtaalamu Mwingereza, Ernest Starling, aliviita homoni. Tezi iliyo chini ya ubongo, ndogo kama mbaazi, huziamuru ovari zikomaze yai. Ovari hutoa estrojeni kabla ya yai kutoka, na projesteroni baada ya kutoka. Tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba twaiita rovu, huongoza mwendo wa mwili mzima. Tarishi mmoja akikawia, au akizidisha amri, kazi ya wenzake huharibika.

Dalili zake ni nyingi: hedhi kupotea au kuzidi, unene au ukonde usio na sababu, moyo kwenda mbio, ndevu kuota, maziwa kutoka kwa asiyenyonyesha. Lakini dalili moja huweza kuwa ya maradhi mbalimbali. Mama achokaye mapema katika shamba la pamba huitwa mvivu, kumbe tezi yake ya shingoni imelegea, au damu yake ni haba. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba wanawake 10 hata 13 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana ugonjwa wa homoni uzuiao mayai kutoka kwa utaratibu. Na katika wagonjwa hao, hata 70 katika 100 hawajui kwamba wanao.

Basi, kupimwa kwa ukamilifu ni kupimwaje? Wengine wadhani ni kulipia vipimo vingi siku moja. Sivyo. Ni kupimwa kwa utaratibu, kila kipimo kwa wakati wake. Tabibu huanza kwa kuuliza, kisha huhakikisha kwamba hakuna mimba. Homoni ziamuruzo ovari hupimwa siku za mwanzo za hedhi, kama ya pili hata ya tano. Projesteroni hupimwa siku saba hivi kabla ya hedhi inayotazamiwa. Ikiwa ndogo siku ya tatu, hilo ni la kawaida. Ikiwa ndogo katika wakati wake, huenda yai halikutoka. Kwa hiyo karatasi ya majibu isiyo na tarehe ya hedhi haimwelezi tabibu mambo mengi. Tena homoni ya maziwa hupanda hata kwa hofu au kwa dawa fulani. Ikizidi kidogo, yafaa ipimwe mara ya pili.

Daftari la mke ni msaada mkubwa hapa. Huko Melbourne, Australia, Daktari John Billings alianza mwaka 1953 kuchunguza dalili ambazo wanawake huziona wenyewe katika siku zao, na mkewe Evelyn akamsaidia. Katika miaka ya 1960 Profesa James Brown alipima homoni katika mkojo, akaona kwamba dalili hizo zapatana na vipimo. Mke aandikaye siku zake amekwisha kuanza uchunguzi kwa gharama ya daftari tu.

Lakini homoni si sababu ya kila jambo. Mirija huziba kwa maradhi ya zinaa, na kichocho cha maji ya malambo huweza kudhuru viungo vya uzazi. Na mume je? Karibu nusu ya ndoa zilizokosa mtoto, sababu iko kwa mume, peke yake au pamoja na mkewe. Mwanamume mwenye nguvu zote huweza kukosa mbegu. Kipimo chake ni rahisi kuliko vingi vya mkewe. Kwa nini kiwe cha mwisho?

Twajua fedha ni shida. Hata hivyo, fedha ya pamba hununua stendi dawa za "kusafisha kizazi" ambazo hazikutanguliwa na kipimo chochote. Afadhali ilipe nauli. Njia yaanzia zahanati, yafika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, na ikilazimu yapita Lamadi hadi Bugando, Mwanza, hospitali iliyojengwa kwa juhudi za Maaskofu wetu na kufunguliwa mwaka 1971.

Na kama vipimo vikisema hakuna mtoto? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1084, yatamka wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Mke huyo ni mke, leo na kesho, na ng'ombe wa mahari wasihesabiwe tena.

Twawaomba makatekista, akina mama wa WAWATA na wazee wa jumuiya walifundishe jambo hili. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, atufundisha kumheshimu tabibu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka. Basi tuwapeleke wake zetu kwake, nasi waume tuingie pamoja nao.