Sukari Ipo, Kahawa Naomba

Wadogo zangu mnaojifunza Kikorea, swali mnaloniletea kila mara ni moja lenye sura mbili: dada, nasemaje "nataka", na nasemaje "nina"? Na karibu wote mnaouliza mmekwama mahali pamoja, kwa sababu ile ile. Vitabu, video na programu za simu mnazotumia zimeandikwa kwa Kiingereza. Wazo linatoka kwenye Kiswahili chenu, linapita kwenye Kiingereza cha kuungaunga, ndipo linafika Seoul, limechoka na nguo zimekunjamana. Leo tuikate hiyo safari. Kwenye mambo haya mawili Kiswahili kinakaa jirani na Kikorea kuliko Kiingereza kinavyokaa, na ninyi mna mtaji ambao hamjajua kama mnao.

Tuanze na "nina". Ukienda dukani kwa Mangi humuulizi kama anamiliki sukari. Unasema, "Sukari ipo?" Naye anakujibu "Ipo" au "Haipo", maisha yanaendelea. Basi hapo umeshafikiri Kikorea. Mkorea akiingia dukani anauliza *Seoltang isseoyo?* (설탕 있어요?), sukari ipo? Jibu ni *Isseoyo*, ipo, au *Eopseoyo*, haipo. Kitenzi chenyewe ni *itda* (있다), kuwepo, na mwenzake ni *eopda* (없다), kutokuwepo. Hicho hicho cha dukani ndicho kinachobeba pesa zako, ndugu zako, muda wako na maumivu ya kichwa chako. *Jeoneun doni eopseoyo* (저는 돈이 없어요): mimi, pesa haipo. *Jeoneun eonniga isseoyo* (저는 언니가 있어요): mimi, dada yupo. Ndiyo kusema sina pesa, nina dada.

Mkumbuke kwamba *eonni* ni dada mkubwa akiitwa na msichana; mvulana humwita *nuna*. Kwa hiyo mabinti niiteni *eonni*, vijana niiteni *nuna*, na atakayeniita *ajumma*, mama wa makamo, tutakutana baraza la kata.

Angalieni hicho kijineno kilichoganda nyuma ya pesa na nyuma ya dada. Ni *i* baada ya konsonanti na *ga* baada ya irabu: *don* inakuwa *doni*, *eonni* inakuwa *eonniga*. Hiyo ni alama ya kiima. Waliojifunza kwa Kiingereza huteleza hapa wakaweka *eul* au *reul*, alama ya yambwa, kwa sababu vichwani mwao pesa ni kitu kinachoshikwa na mtu. Kwa Kikorea pesa ndiyo inayotenda, ipo au haipo, na wewe umetajwa mwanzoni ili ijulikane habari ni ya nani. Ukishaliona hilo, nusu ya makosa yenu inaondoka yenyewe.

Kosa jingine ni la kukanusha. Mmefundishwa kwamba *an* mbele ya kitenzi ni kukataa, na ni kweli: *gayo*, naenda; *an gayo*, siendi. Mtu akishakipenda kijineno hicho anakibandika kila mahali, akasema *an isseoyo* akimaanisha "sina". Hapana. Kama sisi tusivyosema "si nina" bali tunaruka moja kwa moja hadi "sina", wao wanaruka hadi *eopseoyo*.

Nimetumia herufi zetu leo ili twende pamoja, lakini msizizoee. Jifunzeni Hangul, maandishi yaliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446 akitaka watu wa kawaida nao wasome. Herufi za msingi leo ni 24 tu, na aliyezoea kusoma silabi za Kiswahili hazitamsumbua kwa muda mrefu. Herufi za Kilatini zinadanganya: *sip* mtakayokutana nayo hapa chini inatamkwa karibu na "ship", na *eo* si "e" ikifuatwa na "o", ni sauti moja, "o" iliyotanuka mdomo.

Kuna jambo moja la umiliki ambalo wanafunzi wa Ulaya hulishangaa na ninyi hamtalishangaa: *uri*, "yetu". Mkorea anasema *uri jip*, nyumba yetu, hata kama anaishi peke yake, kama wewe unavyosema "nyumbani kwetu" hata ukiwa umepanga chumba kimoja Sinza. Anasema *uri eomma*, mama yetu, hata kama amezaliwa peke yake. Ila ukimsikia mwanamke wa Kikorea akisema *uri nampyeon*, mume wetu, usianze kumhurumia kwa uke wenza. Mume ni wake mwenyewe.

Sasa hatari. Kamusi itakuletea *gajida* (가지다) na kukuapia kwamba ndiyo "kuwa na". Kitenzi kipo na kina kazi yake: kitu ulicho nacho mkononi, mfukoni, kwenye begi, mfano pasipoti au simu. Utasikia *gatgo isseoyo* (갖고 있어요), ninacho hapa. Lakini ndugu hawashikwi mfukoni, na kwenye mtoto ndipo pa kuwa macho. *Aiga isseoyo* (아이가 있어요) ni "nina mtoto". *Aireul gajyeosseoyo* (아이를 가졌어요) ni "nimeshika mimba". Binti unayejitambulisha darasani siku ya kwanza, chagua vizuri, vinginevyo utapokea pongezi za kitu kisichokuwepo.

Tuje kwenye "nataka". Mwenye adabu zake hapa Tanzania haingii mgahawani akasema "nataka chai". Anasema "naomba chai", ingawa atailipia. "Nataka" ni neno la mdai mbele ya mdaiwa. Wakenya mna uhuru zaidi, "niletee chai" inapita Nairobi bila mtu kununa, lakini Seoul fuateni mila za Tanga. Mkorea anayetaka kahawa anasema *Keopi juseyo* (커피 주세요). *Juseyo* inatoka kwenye *juda*, kupa, iliyovikwa heshima: nipatie tafadhali, naomba. Maji ni *Mul jom juseyo* (물 좀 주세요). Hiyo *jom* ni kifupi cha *jogeum*, kidogo. Yaani naomba maji kidogo. Na kama sisi, hamaanishi umpimie robo glasi. Hilo "kidogo" linapunguza makali ya ombi, siyo maji. Mzungumzaji wa Kiingereza huhitaji somo zima kulielewa neno hili. Wewe ulilelewa nalo.

Kinachowapotosha ni *wonhada* (원하다). Kamusi inasema "kutaka", nanyi mnaingia mkahawani na *keopireul wonhaeyo*. Sarufi haina kasoro, na muuzaji ataelewa, lakini umesikika kama mtu anayesoma tangazo au mtu anayedai haki yake. Neno hili linakaa kwenye maandishi rasmi, kwenye nyimbo, na kwenye tamthilia pale mtu anapomkabili adui yake na kumuuliza kwa sauti nzito anataka nini hasa. Kwenye kahawa ya asubuhi halina nafasi.

Basi tunasemaje tunapotamani kufanya jambo? Hapa ndipo pa *-go sipda* (고 싶다). Unachukua shina la kitenzi, unaongeza *go*, halafu *sipeoyo*. *Gada*, kwenda: *gago sipeoyo*, nataka kwenda. *Meokda*, kula: *meokgo sipeoyo*, nataka kula. Haibadiliki kwa konsonanti wala irabu, ni rahisi kuliko mambo mengi ya Kikorea. Hapa hakuna ukali wowote. Ina utamu wa "natamani", "ningependa". Ukitaka kitu badala ya tendo, tafuta tendo lake: usiseme unataka begi, sema unataka kulinunua, *sago sipeoyo*, au unatamani liwe lako, *gatgo sipeoyo*. *Sipda* inashika vitenzi, nomino hazishiki.

Lakini Kiswahili nacho kina mitego yake, nisiwasifie sana. Wa kwanza ni kitenzi chetu "kuwa". Tunasema "nataka kuwa daktari" kwa "kuwa" ile ile ya "yeye ni daktari". Mkorea hataki kuwa, anataka *kugeuka kuwa*: *uisaga doego sipeoyo* (의사가 되고 싶어요), kutoka *doeda*, kuwa kwa maana ya kufikia hali mpya. Ndivyo ilivyo hata kwa urembo. Huwezi kuchukua "-zuri" ukaipachika *sipda*. Lazima kwanza uigeuze iwe tendo la kupendeza zaidi: *yeppeojigo sipeoyo*.

Wa pili ni "nataka uje". Kwetu ni sentensi nyepesi, kitenzi kimoja cha kwangu na kimoja cha kwako. *Sipda* hairuhusu: anayetaka na anayetenda lazima awe mtu mmoja. Ukitaka mwingine atende, unapita upande wa heri: *wasseumyeon jokesseoyo* (왔으면 좋겠어요), ungekuja ingekuwa vizuri. Hiyo nayo tunayo. Shangazi anayekwambia "ungekuja Idi ingependeza" hajakuuliza maoni, amekuita.

Wa tatu ndio ninaoupenda, kwa sababu una adabu ndani yake. *Sipeoyo* ni ya kwangu mimi, na ya kwako nikikuuliza. Nikimzungumzia mtu wa tatu, Kikorea hakiniruhusu kusema tu kwamba anataka, kwani mimi simo moyoni mwake. Nasema *sipeo haeyo* (싶어 해요), ni kama anaonyesha kutaka. *Dongsaengi jibe gago sipeo haeyo*: mdogo wangu anataka kwenda nyumbani, nimeona dalili zake. Ndivyo ilivyo kwa hisia nyingi: kupenda, kuchukia na kuogopa kwa mwingine nako hupachikwa hicho *hada* mwishoni. Kwetu neno "anataka" tunalimwaga hovyo juu ya watu, na ninavyowajua kwa umbea, kanuni hii ingewafaa hata kwenye Kiswahili.

Na kabla hamjaniuliza: ndiyo, *bogo sipeoyo* (보고 싶어요) ni "nataka kuona" ukiifumua, lakini ukimwambia mtu maana yake ni "nimekumiss". Msimwandikie mwalimu wa kiume saa nne usiku mkidhani mnaomba kuona matokeo.

Kwa wakubwa kuna hatua moja zaidi. Mzee mwenyewe akiwepo mahali hatutumii *itda* ya kawaida, tunatumia *gyesida*: *halmeoniga gyeseyo* (할머니가 계세요), bibi yupo. Lakini kama ni kitu cha bibi ndicho kipo, heshima inapita kwenye *isseusida*: *Halmeoni, sigan isseuseyo?* Bibi, una nafasi? Ukisema *sigan gyeseyo* umeuamkia muda badala ya bibi. Na msiwaulize wakubwa ana kwa ana wanataka nini, hata kwa *sipda* iliyopambwa. Kumchungulia mkubwa tamaa yake si uungwana sana. Mkaribishe kwa *Mwo deusigesseoyo?* (뭐 드시겠어요?), utatumia nini? Mhudumu mzuri wa hapa kwetu anasema hivyo hivyo.

Wale mlioanza na tamthilia za wafalme, mkaishi na Jumong mpaka mkajua kupiga upinde, acheni mazungumzo ya ikulu huko huko. *Eomneunya?* ya mfalme akiuliza kama hakuna mtu hapo nje ni ya mtawala kwa watumishi wake. Muuzaji wa mkahawa atacheka, au hatacheka.

Mnaowinda ufadhili wa serikali ya Korea, ule wa GKS, mnajua unatanguliza mwaka wa lugha na kwa kawaida unadai daraja la tatu la mtihani wa TOPIK kabla ya kuanza shahada. Ngazi ya chini, TOPIK I, ina alama 200: ukipata 80 umeingia daraja la kwanza, 140 la pili. Ina kusikiliza na kusoma tu. Haina kuandika wala kuzungumza. Kwa hiyo unaweza kufaulu ukiwa bado hujawahi kuomba maji kwa mdomo wako. Semeni kwa sauti, kila siku, kwa vitu vilivyo mbele yenu: simu ipo, vocha haipo, naomba chai, natamani kulala. Msitafsiri kutoka Kiingereza, tokeni nyumbani mwende moja kwa moja. Na kama mwalimu wako bado anakufundisha kuagiza chakula kwa *wonhaeyo*, tafuta mwingine.