Mjalidi wa Vitabu na Mota Iliyoungua

Wanafunzi wenzangu, mhariri wa sehemu yetu ya Kiswahili ameniomba niandike habari itakayowafaa wale wanaotafuta moyo wa kusoma na kuchagua kazi. Nimeona vema nisiandike maonyo, maana maonyo tunayapata ya kutosha kila Jumatatu asubuhi. Nitaandika habari za mtu mmoja, Michael Faraday, na habari za mota.

Nianze na mota. Mjomba wangu ana karakana Jinja, na kazi yake ni kusuka upya mota za umeme zilizoungua, hasa zile za mashine za kusagia mahindi. Nilipomaliza kidato cha pili karo ilitushinda nyumbani, basi mjomba akanichukua kwa mapatano ya miaka mitatu. Kazi yenyewe ni hivi: fundi huifungua mota, huhesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla ya kuukata, na hupima unene wake. Kisha hutia karatasi ngumu katika mifereji ya chuma, hupanga humo waya mpya wa shaba wenye mizunguko ile ile, huufunga kwa uzi na kuupaka vanishi. Akikosea hesabu, mota huungua tena, na mwenye mashine hurudi na maneno. Mara moja nilikosea mimi. Maneno niliyoambiwa siku ile hayafai kuandikwa katika gazeti la shule.

Nilijifunza kusuka vizuri, lakini sikujua hata kidogo kwa nini waya uliolala kimya ndani ya chuma uweze kuizungusha mashine. Nilimwuliza mjomba. Akanijibu, "Mpwa wangu, hesabu mizunguko."

Baada ya miaka miwili Padre alikubali kunipunguzia karo, na mjomba akaniruhusu kurudi shuleni. Lakini alisema mbele ya mama yangu, "Mwaka mmoja bado. Akimaliza masomo atarudi, na duka litakuwa lake." Mama akashukuru. Nami nikashukuru, kwa kuwa wakati ule sikuwa na haja nyingine.

Siku moja katika kidato cha nne mwalimu wetu wa Fizikia alileta koili ya waya, akaiunganisha na galvanomita, akatia sumaku ndani. Sindano ikaruka. Akaiacha sumaku itulie, na sindano ikarudi kwenye sifuri. Akaitoa sumaku, sindano ikaruka upande wa pili. Hapakuwa na betri wala waya uliotoka ukutani. Wenzangu walitazama kama watu watazamavyo jambo la mtihani. Mimi niliinuka pasipo ruhusa, nikaambiwa niketi. Koili ile ningaliweza kuisuka kwa macho yaliyofumbwa, kumbe nilikuwa sijaijua! Mwalimu akasema kwamba aliyegundua jambo hili alianza maisha kwa kushona vitabu. Jioni ile nikaenda maktaba kumtafuta.

Faraday alizaliwa mwaka 1791 karibu na London, mtoto wa mhunzi maskini na mgonjwa. Alipata elimu ndogo tu ya kusoma, kuandika na kuhesabu. Alipokuwa na miaka 13 alitumwa-tumwa katika duka la mtu aitwaye George Riebau, na mwaka 1805 akawa mwanagenzi wake kwa mapatano ya miaka saba, ajifunze kujalidi vitabu, yaani kuvishona na kuvitia majalada. Riebau alikuwa mtu mwema. Alimwachia kijana asome vile alivyovijalidi. Siku moja kikapita mikononi mwake kitabu cha Encyclopaedia Britannica chenye habari za umeme, na kingine cha kemia kilichoandikwa na Bibi Jane Marcet kwa mfano wa mazungumzo. Faraday hakusoma tu. Alijaribu yale aliyoyasoma kwa vyombo vidogo alivyovinunua kwa senti zake.

Hapa ndipo niliposimama nikafikiri sana. Wengi wetu tunadhani hamu ya kazi nyingine huja kutoka mbali, kama barua, nasi hukaa kuingoja. Ya Faraday ilitoka mezani pake, katika karatasi alizokuwa akizishona kila siku. Nami nilishika nyaya kwa miaka miwili, nikingoja barua.

Tangu mwaka 1810 alikwenda jioni kusikiliza masomo ya sayansi yaliyolipiwa shilingi moja kila somo. Shilingi hizo alipewa na kaka yake Robert, ambaye alikuwa mhunzi kama baba yao. Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tiketi za kumsikiliza Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri, katika jumba la elimu liitwalo Royal Institution. Aliandika yote aliyoyasikia, akachora na picha za vyombo.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule miaka yake saba ilitimia. Nataka msomaji alishike jambo hili, maana ndilo lililonichoma: hakutoroka, aliimaliza yote. Hata baada ya hapo alijalidi kwa mtu mwingine, huku moyo wake u mahali pengine. Alimwandikia Rais wa Royal Society kuomba kazi yo yote ya sayansi, asipate jibu. Ndipo alipozikusanya zile karatasi za masomo ya Davy, zipatazo kurasa 300, akazishona na kuzijalidi kwa ufundi wake mwenyewe, akampelekea Davy. Davy alipendezwa, akamwita, kisha akamshauri abaki na kazi yake ya vitabu! Lakini mapema mwaka 1813 msaidizi wa maabara alifukuzwa kwa kupigana, nafasi ikawa wazi, na tarehe 1 Machi Faraday akaingia. Alikuwa na miaka 21.

Asidhani mtu kwamba raha ilianza hapo. Mwaka ule ule Davy alifunga safari ya Ulaya, na mtumishi wake akakataa kwenda, basi Faraday akabebeshwa na kazi ya mtumishi. Mke wa Davy alimtendea kama mtumwa wa nyumbani, hata akataka kurudi kwao. Alivumilia mpaka mwaka 1815, na katika safari hiyo alikutana na Ampère na Volta, ambao sisi twawajua kwa majina ya vipimo tu.

Tarehe 29 Agosti 1831 alichukua pete ya chuma yenye upana wa inchi 6, akaizungushia waya wa shaba pande mbili. Siku zile hapakuwa na waya uliopakwa vanishi, hivyo alitenga mizunguko kwa uzi na bafta, vitu ambavyo mjalidi ye yote angalivijua kwa vidole. Alipounganisha betri upande mmoja, sindano ya upande wa pili ikatikisika mara moja, ikatulia. Mwezi wa Oktoba akaingiza sumaku katika koili, akaona lile tuliloonyeshwa darasani. Pale Jinja, katika bwawa la Nalubaale lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, maji ya Nile huzungusha sumaku kubwa katikati ya koili, na jambo ni lile lile. Nilikuwa nikiliona bwawa lile mara kwa mara, na nililolijua juu yake ni kwamba hairuhusiwi kupiga picha.

Sasa nimo kidato cha tano, nasoma Fizikia, Kemia na Hisabati, na nataka kuwa mhandisi wa umeme. Likizo iliyopita nilikwenda kumwambia mjomba. Niliogopa, maana deni ni deni, na katika vitabu vya watu wakuu sijaona mahali anapoulizwa mwenye duka. Nilichukua koili moja aliyoisuka mwenyewe na sumaku ya spika iliyoharibika, nikaazima galvanomita ya shule, nikamwonyesha. Alirudia kuitia sumaku na kuitoa zaidi ya mara kumi.

Kisha akaniuliza, "Na duka nimwachie nani?"

Nikamwambia, "Mjomba, mwaka wako nitaulipa. Kila likizo nitakuja, mpaka miezi kumi na miwili itimie. Baada ya hapo naomba ruhusa yako."

Hakusema ndiyo, wala hakusema la. Alitazama galvanomita muda mrefu, akauliza bei yake. Halafu akavuta mota iliyokuwa karibu na mlango, akanipa bisibisi. Hata leo nimekwisha kulipa majuma matatu.