SOMO LA ROBO HII: "NI MAWAZO TU"



Katika toleo hili tunapenda tujifunze pamoja kuhusu maneno ambayo watu hutumia kueleza hisia zao. Tumechagua somo hili kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Kosa letu

Katika ziara ya kaya huko Turwa tulifika kwa mama mmoja mjane. Tulimwuliza habari, akajibu, "Nzuri." Tukamwuliza kama ana shida yoyote, akasema, "Hapana, ni mawazo tu." Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya chakula, ada, nyumba na ugonjwa. Mawazo hayakuwa na nafasi. Tukaandika "hana tatizo", tukaomba, tukaondoka. Tuliporudi msimu uliofuata tulikuta shamba limekuwa pori, mbegu tulizompa zikiwa bado ndani ya mfuko, na watoto wawili wameacha shule. Mama yule alikuwa ametuambia tatizo lake. Sisi ndio hatukumsikia.

Neno "mawazo" lina uzito

Kuwa na wazo ni jambo jema. Lakini tukisema "fulani ana mawazo" kila mtu anaelewa kwamba halali vizuri, hali vizuri, na jambo moja linazunguka kichwani mwake. Wenzetu wa Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mjini Harare huduma ya mabibi waliofundishwa kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Mabibi hao walitumia neno ambalo watu walikuwa nalo tayari. Utafiti uliohusisha watu 573, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa.

Kulitaja jambo ni hatua ya kwanza

Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hasira au hofu huku wakipima utendaji wa ubongo. Mtu alipochagua neno linalotaja hisia iliyoonekana usoni, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu ilitulia kidogo. Neno peke yake haliponyi, lakini kinachotajwa kwa jina lake huanza kushikika.

Maneno tunayoyasikia vijijini

UCHUNGU. Mama anayejifungua ana uchungu, mfiwa ana uchungu, na aliyedhulumiwa mpaka wa shamba pia anaona uchungu. Kila mmoja anahitaji msaada tofauti. Tusikisie, tuulize, "Uchungu wa nini?"

HASIRA. Kwa wanaume wengi hili ndilo neno pekee wanaloruhusiwa, maana wameambiwa tangu utotoni kwamba mwanaume halii. Aliyeibiwa ng'ombe ana hofu ya kesho, aliyeshindwa kulipa ada ana aibu, lakini vyote hutoka kama hasira, na wanaoumia ni mke na watoto. Hatuhalalishi ukatili hata kidogo. Ila swali hili husaidia: "Kabla ya hasira, ulijisikiaje?"

MWILI. "Moyo mzito," "kichwa kinawaka moto," "tumbo linauma." Pengine ni malaria, naye apelekwe apimwe. Lakini binti ambaye tumbo humwuma kila inapokaribia likizo ya Desemba huenda anaogopa kukeketwa na hana ujasiri wa kusema. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Binti huyo asirudishwe nyumbani kwa maombi tu. Aelekezwe kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

POLE. Hili ni neno letu sisi tunaosikiliza. Ni neno zuri, lakini mara nyingi tunalitumia kufunga mazungumzo. Baada ya kusema pole, tukae.

Biblia inatufundisha nini

Eliya alipokimbilia jangwani aliomba afe (1 Wafalme 19). Malaika hakumkemea kwamba hana imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Baadaye, mlimani, Mungu alimwuliza swali lile lile mara mbili na kumsikiliza mara zote mbili. Naye Bwana Yesu, kule Gethsemane, aliwaeleza wanafunzi wake huzuni yake waziwazi (Mathayo 26:38). Kutaja huzuni si upungufu wa imani.

Tumebadilisha nini

1. Fomu ya ziara sasa ina nafasi ya hali ya moyo. Maneno ya mhusika yanaandikwa kama alivyoyasema, kwa lugha yake.
2. Swali la habari linarudiwa mara ya pili, baada ya kuketi.
3. Mtu akisema "nimechoka na dunia" au "bora nife", aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.
4. Aliyosema mtu yasigeuzwe kuwa habari za kisimani au mfano wa mahubiri.

Kwa wafadhili wetu tunasema kweli: utaratibu huu unapunguza idadi ya kaya tunazotembelea kwa siku. Mkiona namba hiyo imeshuka katika taarifa zetu, msidhani tumelegea. Ziara ya yule mama ilihesabiwa, na haikumsaidia.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Katika lugha zetu za nyumbani, ni maneno gani hueleza huzuni, aibu na hofu?
2. Ni nani katika usharika wetu hujibu "nzuri" kila siku, nasi tunajua si nzuri?
3. Nani atamtembelea wiki hii?