Nyiragongo Ukiwaka: Tuhame au Tubaki?

SWALI: Twakaa Majengo, kaskazini mwa Goma, pamoja na mama yetu mkongwe. Mlima ukitoa moto tena, tuhame papo hapo au tungoje amri ya serikali?

JIBU: Ndugu yangu, kwa kuwa lava ya Nyiragongo ni nyepesi mno na hushuka kwa kasi, kama ilivyodhihirika Januari 1977, na kwa kuwa usiku wa tarehe 22 Mei 2021 ilifika Buhene, pembezoni mwa Goma upande wa kaskazini, pasipo ilani ya mapema, mkazi wa kaskazini hana nafasi ya kungoja: uonapo anga limewiva wekundu, mchukue mama uondoke. (Usafiri wake uutafute leo, si siku hiyo.)

Lakini amri nayo ina mahali pake. Tarehe 27 Mei mwaka ule ule, lava ikiwa imekwisha kusimama, Gavana Constant Ndima aliamuru mitaa 10 ihame, kwa kuhofia magma iliyopenya chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu lililojaa gesi. Hatari ya namna hiyo jicho haliioni, na hapo kauli ya wataalamu ni bora kuliko ushujaa wa jirani.

Elekea Sake au Gisenyi, kutegemea upande lava isikopita, wala usilale mabondeni penye mazuku, yaani gesi ya sumu itokayo ardhini. Na tafadhali usirejee kabla ya kuruhusiwa: Januari 2002, siku chache baada ya lava kuukata mji, watu wengi waliangamia katika mlipuko wa kituo cha mafuta.