Kujifunza kwa Kutenda: Somo la Kivuli

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa elimu ya ibada haitimii kwa kuhifadhi maneno peke yake. Ulimi hutangulia, walakini jicho lisipoona na mkono usiposhika, elimu hiyo hubaki kitabuni.

Asili ya jambo hili

Sala tano zilipofaradhishwa, Jibrili (a.s.) alimsalisha Mtume (s.a.w.) penye Al-Kaaba siku mbili: siku ya kwanza katika mwanzo wa nyakati, na ya pili katika mwisho wake, kisha akamjulisha kuwa wakati ni baina ya hizo mbili. Na Mtume mwenyewe alipata kusali juu ya mimbari ili watu waione sala yake na kujifunza. Hata kijana aliyekuwa akichuna mbuzi wala hajui, Mtume alimwambia asogee kando, akatia mkono baina ya ngozi na nyama, akamwonyesha.

Imamu Shafii (150–204 H.) naye hakutosheka na lugha ya darasani, alikaa jangwani na watu wa Hudhayl mpaka akaimiliki lugha yao fasaha.

Upungufu uliopo

Wako wanafunzi wasomao kwa ghibu kuwa Alasiri huingia kivuli cha kitu kikiwa sawa na kitu chenyewe, ukiacha kivuli cha zawali. Mtoe mmoja wao uani, umwulize kivuli cha zawali ni kipi, hunyamaza. Na jambo hili si dogo. Katika madhehebu ya Shafii, mwenye kusali bila kujua wala kujitahidi kujua kuwa wakati umeingia, sala yake haisihi, hata ikisadifu ndani ya wakati.

Namna ya kufundisha

Mwalimu na awatoe wanafunzi kiwanjani kabla ya adhuhuri. Wasimamishe fimbo ya shibiri tatu, imenyooka, juu ya ardhi iliyo sawa, na kila baada ya muda kidogo waweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli. Wataona kivuli kinapungua, kisha kinaanza kuzidi na kuelekea mashariki. Hapo Adhuhuri imeingia, na kile kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha zawali. Wakipime.

Mombasa, katika mwisho wa Desemba, kitakuwa karibu shibiri moja. Basi Alasiri huingia kivuli kikitimia shibiri nne. Katika mwisho wa Juni kitapata shibiri moja na nusu. Basi Alasiri ni kwa nne na nusu. Na karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba jua hupita utosini, kivuli cha zawali hutoweka, na Alasiri huingia kwa shibiri tatu kamili.

Tena wataona ajabu nyingine. Makka iko kaskazini ya Mombasa, takriban sawasawa. Kwa hivyo kivuli cha zawali cha Desemba huelekea kibla, na kile cha Juni hukipa kibla mgongo. Kwa fimbo moja mwanafunzi amejua wakati na kibla pamoja.

Shaka na jawabu lake

Akisema mtu: saa na ratiba za sala zipo, fimbo ya nini? Ajibiwe: ratiba ni hesabu ya mwendo wa jua hili hili, na ni halali kuitegemea ikitoka kwa mjuzi mwaminifu. Walakini baharia na mkulima huweza kuikosa. Na aliyekwisha kuona kwa jicho lake huitumia ratiba kwa yakini, akatambua pia ikikosewa.

Na yapasa kufanywa hivyo hivyo katika mengineyo: vibaba vinne vya Zakatul-fitri vipimwe kwa mkono, na kuosha na kukafini maiti kuonyeshwe kwa vitendo kabla msiba haujafika. Faradhi hiyo ni ya kifaya. Mji mzima wenye vitabu, ukikosa wa kuitenda, wote wamepata dhambi.

Basi, ewe mwalimu, funga kitabu saa moja katika juma, uwatoe watoto juani. Kisha uwarudishe, ukifungue tena. Watayasoma maneno yale yale kama waliyoyaona wenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye kutendwa. Amin.