Kazi ya Fundi wa Saa

Mtu akitazama uso wa saa haoni ila akrabu zikizunguka polepole juu ya tarakimu. Akiiweka sikioni husikia mlio mdogo usiokoma mchana wala usiku. Basi huridhika, akasema, "Saa yangu ni nzima, maana inakwenda." Lakini fundi wa saa haridhiki upesi hivyo. Yeye ajua ya kuwa saa yaweza kwenda huku inaharibika, na ya kuwa ubovu mkubwa huanza mahali pasipoonekana.

Kwanza yafaa kufahamu jinsi saa ya kamani inavyokwenda. Ndani ya kikopo kidogo chenye meno kandokando mmekunjwa utepe mwembamba wa chuma cha pua. Huo ndio kamani. Mwenye saa akiitia ufunguo, kamani hukazwa. Kisha kamani hutaka kujikunjua, na nguvu yake huendesha magurudumu yenye meno, moja likisukuma jingine. Kama kusingalikuwa na kizuizi, kamani ingalijikunjua yote mara moja, na akrabu zingalizunguka kama pia. Kwa hiyo mwisho wa magurudumu hayo pana gurudumu la balansi, liendalo huko na huko kwa msaada wa kamani nyingine, nyembamba kama unywele. Kila linapogeuka, kijichuma chenye umbo la nanga huachia jino moja tu lipite, kisha hulizuia la pili. Huko kuachia na kuzuia ndiko kunakotoa ule mlio usikiwao sikioni. Kamani hiyo ya unywele ilitangazwa mwaka 1675 na Christiaan Huygens, mtaalamu wa Uholanzi, na tangu hapo saa za mfukoni zilianza kushika wakati vizuri.

Katika saa nyingi za zamani mlio huo husikika mara 5 kila sekunde. Mwanafunzi na afanye hesabu: ni mara 18,000 kwa muda wa saa moja, na mara 432,000 kwa mchana na usiku. Mwaka ukiisha, yamekuwa mapigo zaidi ya milioni 157, bila siku hata moja ya mapumziko. Nao mhimili unaobeba gurudumu hilo ni mwembamba mno. Unene wa ncha zake katika saa nyingi za mkononi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimeta. Ili ncha hizo zisilike upesi, huzunguka ndani ya vitundu vya yakuti, jiwe lililo gumu kuliko chuma. Ufundi wa kutoboa mawe kwa kazi hiyo ulipewa hati ya kulinda uvumbuzi mjini London mwaka 1704. Yakuti zitumikazo siku hizi hutengenezwa na watu, hazichimbwi ardhini.

Lakini yakuti peke yake haitoshi. Lazima pawe na mafuta. Tone litakiwalo ni dogo hata macho matupu hayalioni vema. Miaka ikipita, mafuta hayo hukauka au hugeuka kama gundi. Vumbi hushikamana nayo, na mchanganyiko huo husaga chuma kama msasa. Saa haina kinywa cha kulalamika. Huendelea kwenda, hata siku moja ikasimama. Ndiyo sababu mafundi hushauri saa ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya miaka michache, ijapokuwa ingali inakwenda.

Karakana ya fundi wa saa haihitaji nafasi kubwa. Mara nyingi ni chumba kimoja tu, chenye meza iliyoinuka karibu na dirisha, ili kazi iwe karibu na macho bila fundi kuinamisha mgongo. Juu ya meza pana bisibisi ndogo za kila kadiri, vibano, vikombe vyenye vifuniko, na kioo cha kukuzia abanacho fundi jichoni. Karatasi nyeupe hutandikwa ili kipande kikianguka kisipotee.

Fundi mwema huanza kwa kuuliza na kutazama. Je, saa ilianguka? Iliingia maji? Ilikaribia sumaku? Akiisha kuifungua, jambo la kwanza ni kulegeza kamani taratibu. Akiondoa magurudumu kamani ingali imekazwa, nguvu yote itatoka ghafula na kuvunja meno. Ndipo atoapo vipande kimoja kimoja, na kila skrubu huiweka pamoja na kipande chake. Huviosha vyote. Vitundu vya yakuti huvisugua kwa kijiti kilichochongwa ncha, akikichonga tena na tena mpaka kitoke safi. Baadaye huviunganisha, akatia mafuta kwa ncha ya kijichuma kama sindano. Yakipungua, chuma hulika; yakizidi, hutambaa mpaka mahali yasipotakiwa. Mwisho huijaribu saa siku kadhaa, ikilala chali, ikilala kifudifudi, na ikisimama upande, kwa kuwa saa yaweza kwenda sawa ikilala, na kuchelewa ikisimama.

Pengine mtu atauliza, "Kuna hasara gani saa ikichelewa dakika chache?" Watu wa Marekani walipata jibu kwa huzuni. Mwezi wa Aprili mwaka 1891, mahali paitwapo Kipton katika jimbo la Ohio, treni mbili zilikuwa zikielekeana. Treni ya abiria iliagizwa iingie kando pale Kipton, ili kupisha treni ya barua iliyokuja mbio. Yasimuliwa ya kuwa saa ya dereva wa treni ya abiria ilikuwa imesimama dakika 4, kisha ikaanza tena kwenda, wala asitambue. Akadhani ana nafasi ya kutosha, kumbe hana. Treni zikagongana, watu wakafa, na madereva wote wawili miongoni mwao.

Baada ya msiba huo shirika la reli lilimwita Webb C. Ball, mwenye duka la saa na vito katika mji wa Cleveland, achunguze saa za wafanya kazi wake. Katika kanuni zilizotokea, saa ya reli haikuruhusiwa kukosea zaidi ya sekunde 30 kwa juma moja, nayo ilipaswa kurekebishwa iende sawa katika mikao 5. Tena wafanya kazi walipaswa kuzipeleka saa zao kwa wakaguzi kwa nyakati zilizowekwa. Wengi wa wakaguzi hao walikuwa mafundi wenye maduka madogo katika miji iliyo kando ya reli. Hivyo abiria aliyelala usingizi ndani ya treni alilindwa na fundi asiyemjua, aliyeinama mezani pake juu ya kitundu kidogo.

Hapa ndipo ilipo heshima ya kazi hii. Mwenye saa hawezi kuona ndani, wala hajui kilichofanywa. Fundi asiye mwaminifu aweza kupangusa kifuniko, kutia mafuta mapya juu ya uchafu wa kale, na kudai ujira kamili. Saa itakwenda, na mwenyewe atashukuru. Lakini msasa ule ungali ndani unakula chuma. Fundi mwaminifu husafisha hata pale ambapo hapana atakayepatazama. Na akiona saa haihitaji kazi kubwa, husema hivyo, ingawa kipato chake kitapungua.

Siku hizi saa nyingi huendeshwa kwa betri, na wengi hutazama wakati katika simu. Hata hivyo saa za kamani zingali zikitengenezwa na kuvaliwa, na saa ya babu yaweza kumfikia mjukuu ikiwa imepata matunzo. Mwenye saa ya namna hiyo aitie ufunguo kila siku wakati ule ule, aiepushe na maji na sumaku, wala asiifungue kwa kisu. Tena asingoje mpaka isimame ndipo aipeleke kwa fundi. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Maswali
1. Kwa nini kamani haijikunjui yote mara moja?
2. Mafuta yaliyokauka huidhuru saa namna gani?
3. Kwa nini fundi hulegeza kamani kabla ya kuondoa magurudumu?
4. Saa ikipotea sekunde 30 kwa juma, itapotea muda gani kwa majuma 8?
5. Taja kazi nyingine ambayo uaminifu wa mtendaji hauonekani kwa macho. Eleza hasara iwezayo kutokea asipokuwa mwaminifu.