Tende Moja ya Bibi Aisha



Juma lililopita, baada ya darasa ya Alasiri, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alitwambia: "Sheikh, moyo wangu umekufa. Kila nifunguapo simu naona maiti za watoto na watu waliobomolewa nyumba zao. Zamani nikilia, sasa napitisha kidole tu."

Hatukuweza kumkemea, kwani hayo yametufika hata sisi. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu mitano ya mvua ilikosa kwa kufuatana katika Pembe ya Afrika, na mwishoni mwa 2022 watu wa Kenya waliopungukiwa mno na chakula walikadiriwa kuwa milioni 4.4. Mwanzoni tulikusanya mchele na mafuta kwa ajili ya ndugu zetu wa kaskazini. Msimu wa nne ulipopita mikono ilikuwa mizito, wala si kwa umaskini. Kila mtu alijiambia: mfuko wangu mmoja utafaa nini?

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja alimwendea Bibi Aisha, naye ana binti zake wawili, akiomba. Bibi Aisha hakuwa na kitu ila tende moja. Akampa hiyo hiyo. Yule mama akaipasua, akawapa wanawe, yeye asile kitu. Hatukupokea kwamba Bibi Aisha aliwahesabu kwanza wenye njaa wa Madina, kisha akaiona tende yake kuwa haifai.

Na mafakihi wametupambanulia. Kumwokoa mwenye njaa ni fardhi ya kifaya: imewalazimu Waislamu kwa jumla, wakisimama wenye kutosha, dhambi huwaondokea wengine, wakiacha wote, wote hupata dhambi. Basi adhaniye kwamba dunia nzima iko juu ya mabega yake peke yake amejitwika asichotwikwa. Naye akaaye kando akingoja wengine hana udhuru. Ama zaka ya fedha ni fardhi ya ayni kwa ambaye mali yake imefika nisabu na mwaka ukatimia: mbili na nusu katika mia, moyo uwe umelainika au haukulainika. (Wako miongoni mwetu wangojao kulia kwanza ndipo watoe, kana kwamba machozi ni sharti ya zaka!) Na katika madhehebu yetu ya Shafii, zaka hupewa wastahiki wa mji ilipo mali, sadaka ndiyo ivukayo mipaka.

Tulimwuliza yule kijana: mtaani kwenu, ni nani asiyepika usiku huu? Akanyamaza. Miji ya mbali iliyobomolewa aliijua kwa majina. Jirani wa ukuta wa pili hakumjua. Tukamwambia aizime simu baina ya Magharibi na Isha, akaulize. Siku ya tatu alirudi akaomba unga kwa ajili ya mjane mwenye watoto wanne, akauchukua begani mwenyewe.